Rangi ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeripoti kazini kama mfungwa anavyoripoti gerezani, tofauti ikiwa moja tu: mfungwa hupewa sare. Baraza la chuo limenisimamisha muhula mzima kwa kosa la kuwaambia wanafunzi wenzangu, mbele ya bweni lisilo na maji, kwamba anayenyamaza ameshiriki. Nitarudishwa mwaka wa nne wa ukadiriaji majenzi iwapo tu nitaleta ripoti njema ya mafunzo kutoka ofisi ya umma. Mama ndiye aliyeniombea nafasi katika Idara ya Majengo ya serikali ya jimbo. Alipita mlango kwa mlango akiinamisha kichwa, na kuinama kwake kunaniuma kuliko adhabu yenyewe.

Jengo lina ghorofa nne. Idara iko chini. Masijala ya pensheni, alikozeekea Mama, iko juu kabisa. Nimepanda kumsalimu. Juu ya meza yake dari ina doa la kahawia lenye umbo la figo, pana kuliko meza, na kando ya mihuri yake umelazwa mwavuli mweusi.

"Wa nini humu ndani?" nimemuuliza.

"Wa mvua. Kwani mwavuli una kazi nyingine?"

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Mama amefanya kazi akiwa ameubana mwavuli kati ya bega na shavu, mkono wa kulia ukigonga mihuri. Wastaafu wamesimama foleni mbele ya kaunta wakimtazama, na hakuna aliyeshangaa. Narudia ili nisije nikazoea: hakuna aliyeshangaa.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha mradi. Hatimaye nimemwona kwa karibu mhandisi mkuu, mtu anayefunga shati mpaka kishikizo cha shingoni na anayezungumza polepole kama anayesoma maandishi yaliyofifia. Mafundi humwita Bwana Kifungu, asipokuwapo. Ametangaza kwamba jengo letu litakarabatiwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha: rangi mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili, ndani na nje, vigae vya ngazi, vitasa vya milango, dari zilizochakaa. Nimesubiri neno moja na halikuja, basi nikanyoosha mkono.

"Na paa, Mhandisi?"

"Hilo halina kifungu."

"Linavuja juu ya vichwa vya watu."

"Rangi, vigae na dari ni ukarabati mdogo. Huo umeidhinishwa. Paa ni ujenzi mkubwa, na ujenzi mkubwa baraza la jimbo limeukataa mwaka wa tatu huu. Pesa ya kifungu kimoja haigusi kazi ya kifungu kingine. Ndiyo sheria, binti."

"Kwa hiyo tunaipaka rangi nyumba inayooza."

"Tunapaka rangi nyumba iliyoidhinishwa kupakwa rangi."

Fundi rangi, mtu mrefu mwenye mdomo mwepesi, amecheka puani. "Huyu kumbe ni mbunge. Mheshimiwa, ukishapata kura utukumbuke na sisi wa ngazi."

Tazameni dola inavyomwua raia wake kwa adabu. Haimpigi risasi, inamwambia hana kifungu. Mtu huyu si mjinga, na kwa kuwa si mjinga hana pa kujifichia. Anajua maji yanaingia, anajua yanamwangukia nani, na usiku analala vizuri akiwa ameikumbatia sheria kama mto.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mama anakohoa.

Jumanne, 18 Machi

Rangi imeanza. Kijani cha zamani, kile cha wodi za hospitali, kinafunikwa kwa samawati.

"Sogea, Mheshimiwa," fundi rangi ameniambia. "Nikikupaka utakuwa mali ya serikali, na wewe mali ya serikali huitaki."

Nimecheka kinyume cha itikadi yangu.

Jumatatu, 24 Machi

Ndoo tatu masijala. Mhandisi amepanda, akasimama chini ya lile doa kwa muda mrefu, mikono nyuma. Amezungumza na Mama kwa sauti ya chini. Nilipoingia wakanyamaza wote wawili, naye akatoka bila kuniangalia.

"Alikuwa anataka nini?"

"Alikuja kuona maji."

"Hakuyaona miaka mitatu?"

"Mwanangu, punguza moto, chumba kidogo hiki."

Jumamosi, 29 Machi

Nilirudi ofisini kuchukua viatu vyangu vya kazi. Lori limesimama uwanja wa nyuma, na watu nisiowajua wanateremsha bati. Bati nzuri, nene, zisizo na kifungu. Mhandisi alikuwa hapo kwa ndala, shati limefunguliwa kishikizo cha shingoni. Sijawahi kuiona shingo yake.

"Za nini hizi, Mhandisi?"

"Za kazi."

"Kazi ipi?"

"Binti, leo ni Jumamosi. Nenda kapumzike."

Kila mtu idarani anajua kwamba anajenga nyumba pembezoni mwa mji.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepata. Ghorofa ya pili imekamilika, vitambaa vya sakafuni vimekunjwa, ngazi zimehamishwa. Nimekwaruza nyuma ya mlango kwa ufunguo wa nyumbani: samawati nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na chini yake kijani kinanitazama. Mkono mmoja. Mkataba unasema miwili.

"Mkono wa pili lini?" nimemuuliza fundi rangi.

Mara hii hakutania. "Umefutwa. Mkubwa kasema mmoja unatosha."

"Na pesa ya wa pili?"

"Mimi napaka ninapoambiwa nipake. Mengine muulize mwenyewe."

Sihitaji kumwuliza. Nusu ya rangi ya jengo zima la umma imegeuka bati, na bati zitageuka nyumba ya mtu. Nilimdhania mtumwa wa sheria. Kumbe sheria ilikuwa pazia tu. Na nyuma ya pazia, kama ilivyo nyuma ya kila pazia la nchi hizi zetu, mtu anakula.

Jumatatu, 7 Aprili

Jua kali siku kadhaa. Kishindo juu ya dari ya masijala, mchana kutwa.

"Panya," Mama amesema bila kuinua macho.

"Panya wenye nyundo?"

"Panya wa serikali hao, wana vifaa."

Nimemwuliza mlinzi. Amesema wanasafisha mifereji ya paa. Mlango mdogo wa kupandia paani una kufuli, na ufunguo anao Mhandisi. Paa letu limezungukwa na ukuta wa ukingo, hivyo mtu wa chini haoni kinachofanyika juu.

Ijumaa, 11 Aprili

Katibu Mkuu wa wizara anakuja Jumatatu kukagua. Nimemweleza Mama kila kitu wakati wa chakula.

"Yule mtu ni mwizi, Mama."

"Umemwuliza?"

"Mwizi haulizwi. Anafichuliwa."

Ameshika kijiko bila kula. Nilidhani ataniambia jambo. "Kuna mambo mengine uyaache yaive kwanza," akasema mwishowe, akainuka kutoa vyombo. Huo ndio woga uliotulea, na siulaumu, lakini siurithi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa kuwa nataka niyasome tena nikiwa mzee.

Katibu Mkuu alifika na msafara wake, pamoja na mpiga picha. Akapanda ghorofa ya pili, akasifu samawati. Akauliza, kama wanavyouliza siku zote, iwapo kuna mwenye neno. Wakubwa wakaangalia viatu vyao. Nikasema, "Mimi ninalo."

Nikauendea ukuta, si nyuma ya mlango mara hii, bali katikati, mbele ya kamera, nikaukwaruza kwa ufunguo kutoka usawa wa macho mpaka kiunoni. Kijani kikatokea. Nikasema: "Mheshimiwa, umma umelipia mikono miwili. Huu ni mmoja. Naomba mtu mmoja aliyesimama hapa atuambie mkono wa pili umekwenda wapi. Na akimaliza, atuambie bati zilizoletwa Jumamosi, siku isiyo ya kazi, zimekwenda kuezeka nyumba ya nani." Sauti yangu haikutetemeka. Makarani walikuwa wamejaa ngazini, na nyuma kabisa mtu akapiga makofi, kisha wengi.

Katibu Mkuu akamgeukia Mhandisi. "Ni kweli ni mkono mmoja?"

"Ni kweli."

"Nani aliidhinisha?"

"Mimi."

Mhandisi akasogea karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, ila mimi nilisikia: "Mheshimiwa, nitajibu yote. Naomba siku tatu tu kabla hujafunga kazi. Tatu. Kuna jambo nilimalize juu."

Katibu Mkuu alisita. Naapa alisita, alikuwa anaelekea kukubali. Nami nikasema, kwa sauti iliyofika ngazini: "Anataka muda wa kuficha ushahidi."

Makofi tena. Baada ya hapo hakuna kiongozi mwenye kamera mbele yake ambaye angekubali. Kazi ikasimamishwa palepale. Ufunguo wa paa ukachukuliwa, kufuli likapigwa lakiri, mafundi wakatolewa mpaka wakaguzi wa hesabu watakapokuja. Rafiki yangu wa chuo tunayemwita Kipaza ameshanipigia: picha ya ukuta imeenea bwenini, wananiita Binti wa Ufunguo.

Jambo moja sikulielewa. Wakati watu wanapiga makofi nilimtafuta Mama ngazini. Alikuwa ameketi kwenye kidato, mikono kichwani.

Siku hiyohiyo, jioni

Ameniambia.

Bati ni za hapa. Nyumba yao ni hii. Mama ndiye aliyemwomba Mhandisi, mwezi uliopita, chini ya lile doa. Alimwambia, "Mwanangu yuko idarani kwako, naona aibu anione nakufa chini ya mwavuli." Mhandisi akapanda mwenyewe paani, akakuta boriti zilizo juu ya masijala zimeoza. Akafanya asichowahi kufanya tangu aajiriwe: akaufuta mkono wa pili wa rangi, pesa yake akainunulia bati na mbao. Wiki iliyopita, kwa kuwa jua lilikuwa limetulia, mafundi wakaliezua paa la upande wa nyuma lote. Juu ya kichwa cha Mama sasa hakuna bati. Kuna boriti mbovu ambazo zilikuwa zitolewe kesho, turubai, na dari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ukijua jambo, hata likiwa zuri, unalipandisha jukwaani. Na hili likijulikana, yule mzee wa watu anafukuzwa."

Nilimwambia kwamba nilikuwa natetea haki. Akanijibu taratibu, bila hasira, "Najua, mama. Nilikusikia. Uliongea vizuri sana."

Jumanne, 15 Aprili

Wizarani tangu asubuhi. Nimeongea na karani, na mkuu wa karani, na msaidizi wa Katibu Mkuu, ambaye alinishika mkono kwa furaha aliponitambua.

"Naomba mfungue paa lifunikwe. Liko wazi. Mvua ikija itaua mtu."

Amepekua mkataba wa mradi. "Paa halimo humu."

"Najua halimo. Lakini limeezuliwa."

"Halimo, kwa hiyo hakuna kazi ya paa iliyosimamishwa. Isiyosimamishwa siwezi kuiruhusu iendelee. Subiri wakaguzi, dada. Wewe mwenyewe ulisema ushahidi usiguswe."

Nimesimama pale nikasikia maneno yangu yakitoka kwa mtu mwingine, yamepigwa pasi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mawingu. Hakuna mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemsihi Mama aombe likizo. Mkuu wake amekataa: mwisho wa mwezi ndio wastaafu wanalipwa. Nikamwambia asiende tu.

"Wamesimama foleni toka alfajiri, wengine na fimbo. Niwaambie nini, kwamba mwanangu kanikataza?"

Amesogeza meza karibu na mlango.

Jumatatu, 21 Aprili

Mawingu. Kipaza amekuja mpaka getini na wenzake wanne kunipa mkono. Wanataka nihutubie mkutano. Nimewaambia naumwa.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwendea Mhandisi nyumbani, kule pembezoni. Nyumba anayoijenga ina kuta mpaka usawa wa madirisha, na majani yameota ndani. Hapajajengwa kitu muda mrefu. Hakuwepo. Mkewe, aliyetoka kwenye banda la uani wanamoishi, ameniuliza mimi ni nani. Nimesema ni mwanafunzi wake.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ilianza saa tano asubuhi, bila upepo, nzito. Nilipanda ngazi mbilimbili. Dari ya gipsamu ilikuwa imeshuka tumbo katikati ya chumba kama machela iliyolaliwa na mtu. Tulianza kutoa watu, kisha mafaili, tukiyapokezana kwenye korido, Mama na mimi na makarani wawili. Mama alikuwa mchangamfu. Akasema, "Leo ndiyo nimekuona unafanya kazi."

Mzee mmoja kaunta hakutaka kutoka. Vyeti vyake vilikuwa mezani kwa Mama, na alikuwa amevifuatilia mwaka mzima. "Nitakupa, baba, tulia," Mama akamwambia, akarudi ndani. Nilikuwa nimekumbatia mafaili kifuani. Nilimwona akinyoosha mkono. Nilimwona akiuchukua na mwavuli pia, kwa mazoea tu.

Turubai lilichanika kwanza; nilisikia. Halafu maji yote yaliyokuwa juu, na boriti, na dari.

Siwezi kuandika ilivyokuwa kumtafuta. Mikono yangu inanuka chokaa iliyolowa.

Ijumaa, 25 Aprili

Yu hai. Nyonga imevunjika, na mbavu mbili. Daktari anasema hatapanda ngazi tena.

Jumapili, 27 Aprili

Mhandisi amekuja hospitali na machungwa. Amekaa upande wa pili wa kitanda, shati limefungwa mpaka shingoni. Mama alikuwa amelala. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Alhamisi, mimi ambaye sijawahi kuandaa maneno, na yote yakakauka.

Yeye ndiye aliyeanza. "Ungeniuliza, binti."

"Ungenijibu?"

Alifikiri kweli. Hakunijibu kwa kunifariji.

"Hapana," akasema. "Ningekuambia halina kifungu."

Alimenya chungwa moja, akalipasua, akanipa nusu ng'ambo ya miguu ya Mama.

Jumatatu, 19 Mei

Wakaguzi wamemaliza. Hakuna senti iliyoibwa. Kosa ni matumizi nje ya kifungu, limekiriwa na kuthibitishwa. Mhandisi amestaafishwa kwa manufaa ya umma, na pensheni yake imezuiliwa mpaka gharama ya rangi irejeshwe. Bati zilizobaki haziruhusiwi kuguswa kwa kuwa ni vielelezo. Zimepangwa uwanja wa nyuma, zinanyeshewa. Kuhusu kuanguka kwa dari, ripoti imesema sehemu hiyo haikuwa ndani ya eneo la ukaguzi.

Jumanne, 27 Mei

Barua ya chuo. Nimerudishwa, "kwa kutambua uzalendo wa mwanafunzi". Kinachohitajika ni sahihi ya idara tu.

Jumatano, 4 Juni

Mhandisi mpya, kijana, mchapakazi. Boriti mbili zimetegemezwa kwa magogo, turubai jipya limetandazwa (hilo lina kifungu, ni dharura), dari mpya imepigiliwa chini yake. Masijala imerudi palepale. Na kwa mapendekezo ya wakaguzi, jengo zima linapakwa mkono wa pili, haraka, kabla mwaka wa fedha haujafungwa na pesa kurudi Hazina.

"Kuta za juu bado mbichi," nimemwambia fundi rangi.

"Naona." Hajaniita Mheshimiwa tangu Aprili.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua imenyesha usiku kucha, pengine ya mwisho msimu huu. Asubuhi Katibu Mkuu amekuja kupokea kazi, na mpiga picha yuleyule. Akauliza niko wapi. Nikasukumwa mbele. Masijala ilikuwa samawati pande zote, inang'aa.

"Binti yetu wa Ufunguo," akasema, na watu wakacheka kwa wema. "Njoo ukwaruze mwenyewe. Leo hatuna cha kuficha. Ukiridhika wewe, umma umeridhika."

Katika meza iliyokuwa ya Mama alikaa msichana mgeni, ameajiriwa juzi, anatabasamu kwa ajili ya picha. Nikauendea ukuta ulio nyuma yake. Nilitoa ufunguo, kisha nikaona hauna kazi. Chini ya rangi mpya palikuwa na lengelenge kubwa kama kiganja, laini, limejaa. Nikaliwekea kidole tu.

Likapasuka. Maji ya samawati yakateremka ukutani, yakapita sakafuni, yakafika kwenye viatu vya Katibu Mkuu. Akarudi hatua moja. Nilitaka kusema. Mimi, niliyesimamishwa chuo kwa kusema, nilifungua mdomo na neno lililokuwapo lilikuwa moja tu.

"Paa," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Katibu Mkuu aliyatazama maji, akautazama ukuta, kisha akamgeukia mhandisi mpya, ambaye tayari alikuwa ameshika kalamu.

"Andika," akamwambia. "Chumba hiki, mkono wa tatu."

Ripoti yangu imetiwa sahihi mchana. Imeandikwa kwamba nimefanya vizuri sana.

Nyumbani nimemkuta Mama dirishani kwenye kiti chake, miguu imefunikwa. Ameniuliza kama wameezeka. Nimemsimulia yote, pamoja na viatu. Alianza kucheka, kisha nyonga ikamkataza, akafumba macho mpaka maumivu yakapita.

"Huyo msichana," akasema, "wamemkalisha wapi?"

"Mezani kwako."

Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Mwavuli wangu uko nyuma ya mlango. Ubavu mmoja umepinda, lakini unafunguka. Jumatatu mpelekee."